Kwa furu anayejipamba ni dume, kwetu je?

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikuwa saluni kwa dada yangu pale Mabatini, hapa Mwanza, mi sio msusi ila siku nikiwa sina kazi za shule huwa naenda kumsaidia, yeye anasuka mi namchambulia rasta na kumpokelea simu, na kusema ukweli huwa nafuata umbea zaidi kuliko hizo rasta. Siku hiyo kulikuwa na sendofu mbili mjini kwaiyo saluni imejaa mpaka mlangoni, mmoja yuko chini ya draya, wawili wanasukwa, mmoja kafumba macho anabandikwa kope, na mama mmoja wa makamo aliyekuja kuoshwa nywele tu tangu saa nne, kaoshwa, kakaushwa, haondoki.

Mara akaingia binti mmoja. Gauni jekundu, fupi, limembana haswa, kiuno kimekatika namba nane ile ya kuchora na kalamu, ngozi inang'aa mafuta. Akasalimia kwa adabu zote, "shikamoo mayu" (mama kwa Kisukuma) kwa yule mama, "habari zenu" kwa sisi wengine, akauliza bei ya kucha, dada akamtajia, akasema atapita jioni, akashukuru, akatoka. Hata dakika tatu sidhani kama zilifika.

Ila hizo dakika jamani! Saluni nzima ilinyamaza, hata anayesukwa alisahau kulalamika kuumia, macho yote yakaanzia kwenye viatu yakapanda mpaka kwenye wigi yakashuka tena taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Pazia lilivyoanguka tu nyuma yake likaanza. "We! Saa sita hii mtu anaenda wapi hivo?" Mwingine, "hilo gauni la mdogo wake." Yule wa kope, ambaye kumbuka kafumba macho, nae anauliza "kwani kavaaje?" Wa draya akasema rangi ile ni ya kununua, angalieni vidole. Mama wa makamo akatukemea, mtoto wa watu kawakosea nini nyie, afu kidogo akaongeza kwa sauti ya chini, "ila kweli vidole vilikuwa vyeusi." Na mimi mwalimu wa watu, mimi ninayefundisha watoto wa kidato cha tatu heshima, nikasema labda nusu ya gauni kaiacha kwa fundi. Watu walicheka mpaka dada akaacha kusuka. Nilijisikia mjanja kweli.

Usiku sasa nimelala ikaanza kunisumbua. Maana binti hakutufanyia kitu, na angekuja na dira lake na ndala tusingemkumbuka hata sura. Na nikakumbuka kwamba hiki kitu nilishakisoma chuo, tukacheka darasani tukasema ni mambo ya wazungu haya.

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Kanada, Tracy Vaillancourt na Aanchal Sharma, waliwaweka mabinti wa chuo wawili wawili kwenye chumba kama wanasubiri utafiti uanze, alafu akaingizwa dada mmoja mrembo. Wengine walimkuta kavaa fulana na suruali ya kawaida, wengine wakamkuta (dada yule yule!) na sketi fupi na blauzi iliyoacha kifua wazi. Kamera ilikuwa inarekodi kimya kimya. Akivaa kawaida hakuna aliyehangaika nae. Akivaa kile kisketi basi macho juu chini, midomo inabinuliwa, akitoka tu kicheko na maneno. Yaani ni saluni ya dada yangu kabisa, tofauti ni kwamba sisi hatukuwa na kamera na hatukulipwa.

Wanaofanya hii saikolojia ya evolusheni, yaani wanaoeleza tabia zetu za leo kwa maisha ya mababu wa kale, wanasema hayo ni mashindano, na silaha yake ni mdomo. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Anne Campbell, mwaka 1999 alieleza vizuri kwanini wanawake hatupigani ngumi sana kama wanaume. Hoja yake ni kwamba kwa maelfu ya miaka mtoto aliyefiwa na mama alikuwa kwenye hatari kubwa kuliko aliyefiwa na baba, kwaiyo mwanamke aliyekuwa anakimbilia ugomvi wa kuumizana alikuwa anahatarisha na watoto wake, waliobaki na kuzaa zaidi ni wale waliojua kumshusha mwenzao bila kumwaga damu. Kusengenya, kumtenga, kumpaka jina. Sasa mtu wa pwani akisoma hiyo atashangaa kwanini ilihitaji profesa, maana kanga zimeandikwa "mtasema mchana usiku mtalala" miaka na miaka, na taarabu nzima ya mipasho imejengwa juu ya hilo hilo, unampiga mtu bila kumgusa na unaimba huku umemtazama.

Lakini swali lililoninyima usingizi sio hilo, ni kwanini tunajipamba SISI. Maana ukitoka hapo Mabatini ukashuka ziwani, mambo yako kinyume.

Mjomba wangu ni mvuvi, yuko visiwani huko upande wa Ukerewe. Miaka kadhaa nyuma nilienda kumsalimia, asubuhi akanichukua kwenye mtumbwi tukaenda kwenye miamba kutoa furu kwa ndoana, wale samaki wadogo wachache waliosalimika kuliwa na sangara. Akatoa mmoja, akamlaza kiganjani. Jamani yule samaki! Mgongoni mwekundu kama kapakwa, ubavuni njano, na mistari myeusi imeshuka kama ya punda milia. Hakuwa mkubwa, hata kiganja cha mjomba hakukijaza. Akasema, "Mwalimu, huyu dume. Anajipodoa kuliko dada yako." Kisha akatoa jike, kajivu kanjano kaliofifia, ka kawaida, ungekapita. Nikawa namtazama yule dume mpaka wekundu ukaanza kufifia mkononi kwa mjomba, wakitolewa majini haudumu.

Huyo mwekundu nilikuja kujua baadae kwenye vitabu anaitwa Pundamilia nyererei, ndio, Nyerere yule yule, jina hilo la Nyerere alipewa mwaka 1985 na watafiti wa Kiholanzi waliokuwa wamepiga kambi hapa Mwanza. Ana ndugu yake wa karibu ambae dume lake ni la bluu. Majike ya huyu na ya yule yanafanana, ila jike la mwekundu linataka mwekundu na la bluu linataka bluu. Na sababu ya dume kujipamba ni rahisi, jike ndo anayebeba mzigo. Akishataga anayachukua mayai mdomoni anakaa nayo humo wiki kadhaa, mpaka vitoto viogelee vyenyewe, na hali vizuri muda wote huo. Baba mchango wake ni rangi na mbegu, kwisha, anarudi kwenye mwamba wake kuwawinda wengine. Kwaiyo mwenye cha kupoteza anachagua, na asiye na cha kupoteza anavaa suti.

Darwin aliligusa hili mwaka 1871, akasema kuna uteuzi mwingine mbali na ule wa kukwepa kifo, uteuzi wa kupata mwenza. Ila aliyeliweka kwenye hesabu ni Robert Trivers, mwaka 1972: jinsia inayogharamika zaidi kwa mtoto ndo inakuwa na maringo, inayogharamika kidogo ndo inagombania. Na uzuri ni kwamba ukibadilisha gharama mambo yanageuka. Si mnamjua yule ndege wa kahawia mwenye paji la bluu na vidole virefuuu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi huku pembeni ya ziwa? Kwa yule dume ndo anaatamia, dume ndo analea, mpaka anavibeba vifaranga chini ya mabawa miguu inaning'inia nje. Na jike ndo kubwa, jike ndo anapigana na majike wenzake kugombea eneo na madume. Ukimwona ndege yule amekaa kwenye kiota usiseme mama huyo.

Sasa binadamu tuko katikati na hapo ndo utamu ulipo. Mwanamke anabeba mimba miezi tisa na kunyonyesha, kwaiyo anachagua, hilo halina ubishi, ndo maana hata wanaume wana ngoma zao, Bagika na Bagalu, vile vikundi vya ngoma vya Wasukuma, si walikuwa wanashindana kucheza mpaka na nyoka ili watu waone? Lakini mwanaume wa binadamu sio furu. Anatoa mahari, ng'ombe wanahesabiwa, anajenga, analipa ada, anaamka saa kumi kwenda mwaloni Kirumba. (Sio wote najua, msije kwenye koment kunitajia majina.) Akishagharamika nae anakuwa na maringo, anachagua. Na mtu akianza kuchagua upande wa pili unaanza kujipanga. Kwaiyo gauni jekundu la yule binti na mgongo mwekundu wa yule furu ni kitu kimoja kwa mtazamo huo, ila kwetu sisi wote tuko kwenye foleni na wote tuko dirishani.

Mwaka 1989 David Buss wa Marekani alichapisha utafiti wa jamii 37, watu zaidi ya elfu kumi, humo Wanigeria wamo, Wazambia wamo, Wazulu wamo. Wanaume karibu kila mahali walisema wanajali sura na ujana kuliko wanawake wanavyojali, na wanawake walijali zaidi uwezo wa mtu kutafuta. Mwaka 2020 wakarudia kwa nchi 45 picha ikaja karibu ile ile. Hii ndo watu wanapenda kuibandika stetasi, "wanaume wanataka uzuri wanawake wanataka hela, sayansi imesema." Ila hawabandiki ile nyingine ambayo iko humo humo kwenye utafiti wa Buss, kwamba jinsia zote mbili ziliweka roho nzuri na akili juu ya hivo vyote. Na hawabandiki kwamba mwaka 1999 Alice Eagly na Wendy Wood walizichukua namba zile zile wakaona nchi ambazo wanawake wana nguvu zaidi kwenye uchumi na uongozi, pengo kwenye swala la pesa linapungua. Mi naona hapo ndo penyewe. Mwanamke akizuiwa kumiliki shamba, atakayelimiliki ndo atakuwa mzuri machoni pake, utamlaumu? Mpe mtaji wa dagaa uone kama ataendelea kuuliza ana gari aina gani.

Afu kuna watafiti wengine, Eastwick na Finkel, 2008, waliwakutanisha vijana ana kwa ana dakika chache chache na watu tofauti. Kwenye fomu wanaume walijaza sura, wanawake wakajaza kipato, kama kawaida. Walipokaa mezani sasa, sura iliwavuta wote sawa na kipato kiliwavuta wote sawa. Fomu na meza ni vitu viwili.

Turudi kwenye namba nane. Devendra Singh mwaka 1993 alileta ile hesabu maarufu, pima kiuno kwa futi ya fundi cherehani, pima makalio, gawanya, ikija 0.7 basi wewe ndo wewe, kiuno 70 makalio 100. Akasema ni alama ya afya na uzazi na wanaume wameumbwa kuiona. Ikatangazwa dunia nzima kama amri ya 11. Sasa hapa ndo nawapendaga Wahadzabe, wa hapo Ziwa Eyasi, sio mbali sana na sisi. Frank Marlowe alikaa nao miaka, akawaonyesha wanaume wao ile michoro ya Singh. Mwaka 1999 akaripoti kwamba hawakuijali hiyo 0.7, walimtaka aliyejaza, mwenye nyama. Na ukifikiria, mwanamke anashinda anachimba mizizi porini juani, chakula cha leo cha kesho hakijulikani, mwembamba utamfanyia nini? Ila utamu unakuja mwaka 2005, Marlowe akarudi na wenzake na michoro mingine, safari hii mwanamke kachorwa ubavuni badala ya mbele. Wahadzabe wakachagua walio na makalio yaliyochomoza nyuma zaidi ya Wamarekani wanavyotaka. Kumbe hesabu ilikuwepo, walikuwa wanapimishwa upande usio wenyewe! Kijana yeyote anayekaa stendi ya Buzuruga angewaambia hilo bure, hakuna anayegeuka kumwangalia mtu kwa mbele.

Na hata hiyo nyama haijatulia. Viren Swami na Martin Tovée waliwauliza wanafunzi wa kiume Uingereza, wengine wakiwa wanaingia bwaloni na njaa, wengine wanatoka wameshiba. Wenye njaa walipenda wanawake wanene zaidi. Walivyofanya na Wazulu wakaona wa kijijini wanapenda mnene, waliohamia Uingereza ladha imeshaanza kuhama. Bibi yangu wa Magu alikuwa ananiangalia ananiambia "mayu unaumwa?" kila nikitoka chuo, nami huko chuo nilikuwa najibana tumbo nisile chipsi usiku. Mimi huyo huyo, mifupa hiyo hiyo, kilomita sitini tu kati.

Bibi huyo huyo ndo alinifundisha bila kujua kitu kingine ambacho mpaka leo kina alama usoni kwangu. Alikuwa anasema binti mweupe anaongeza ng'ombe. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayetaja bei ya mchele. Mwaka wa pili chuo nikapata mchumba, nikasikia kuna binti mwingine anamzungukia, mweupe, na mimi nilivyo mweusi wa ziwani. Nikanunua mkorogo kwenye kachupa hakana hata lebo. Wiki ya tatu nimeng'aa napigiwa miluzi, wiki ya sita mashavu yameungua, jua la saa nne tu nalia, afu vidole vikagoma kubadilika, vikabaki vyeusi kama vilivyo. Hivyo vitu vina zebaki, vina haidrokwinoni, na mimi nilikuwa nasoma baiolojia, nilikuwa najua zebaki inafanya nini kwenye figo! Nilijua na nikapaka. Kwaiyo wa draya aliposema "angalieni vidole," mi ndo wa kwanza kuficha vya kwangu kwenye rasta, na ndo nikarusha ule utani wa fundi haraka haraka ili macho yasihamie kwangu.

Mchumba mwenyewe alioa mwingine kabisa, mweusi kuliko mimi.

Kuna habari moja ya wale furu ambayo nikiwasimulia wanafunzi hunyamaza. Watafiti wengine, kiongozi akiwa Ole Seehausen, mwaka 1997 waliandika kwamba sehemu za ziwa ambazo maji ni meupe, wekundu na bluu wako mbalimbali kila mmoja na wake. Sehemu ambazo maji yamechafuka, matope ya mashambani, mbolea, uchafu wetu wa mjini, majike hayaoni rangi vizuri, yanachukua yeyote, aina zinachanganyika, na madume rangi zinafifia maana hakuna anayeziona, ya nini kuhangaika. Kwenye matanki wakawasha taa inayoficha tofauti ya rangi, jike la mwekundu likawa halijui tena mwekundu ni yupi.

Na sisi tope letu liko kwenye simu. Binamu yangu alichat miezi minne na kaka mmoja wa Geita, picha zote zimepita kwenye filta, ngozi kama yai lililomenywa, pua imechongwa. Kaka nae picha zake zote kasimama pembeni ya gari. Siku ya kukutana stendi ya Nyegezi binamu kakaa kwenye benchi na gauni alilomwelekeza, kaka kashuka kwenye basi, kampita. Kampita kabisa, karudi, kampita tena, mpaka akapiga simu ikaita mita mbili kutoka alipo. Binamu anasema kaka alivyogeuka akacheka, na yeye akacheka, maana la gari nalo lilishajibiwa na hilo basi. Wana watoto wawili sasa. Ila hutokea pia wanaopita moja kwa moja.

Sitaki mtu aondoke hapa anasema "kumbe wanawake hawapendani, ni nature." Hapana. Hii elimu yenyewe ina makosa yake mengi tu, kulikuwa na stori kwamba mwanamke akiwa kwenye siku za hatari anabadilika anataka mwanaume mwenye sura ngumu, ikaandikwa kwenye magazeti miaka, mwaka 2018 wakapima wanawake zaidi ya 500 na homoni zao kabisa, hawakuiona. Na mi nilichokiona saluni sio chuki. Ni watu sita wenye wasiwasi. Wa draya mume wake yuko machimbo miezi mitatu hajatuma. Anayesukwa ndo bibi harusi mtarajiwa na anajua mtarajiwa wake ana macho. Mama wa makamo ana mke mwenza mdogo wa miaka 24 huko Misungwi, alishatuambia mwenyewe siku nyingine. Mimi mnanijua. Kila mmoja alikuwa anamjibu mtu ambae hakuwepo chumbani.

Juzi Jumamosi nimeenda tena. Wa draya alikuwepo, safari hii kwenye kiti, anataka nywele mpya. Dada anamuuliza staili gani mama, anazunguka zunguka, mara hii, mara ile, kashika simu anatafuta picha haipati. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "ile kama ya yule dada wa juzi... yule wa gauni."

Dada akaniangalia kwenye kioo. Mi nikainama kwenye rasta.

"Wa gauni lipi?" dada akauliza, kwa makusudi kabisa.